Barua zetu zilikuwa zikizama kwenye spamu

Ami yangu ana nyumba ya wageni mtaa wa Langoni, Lamu, vyumba vitano, na juu pameezekwa makuti ya kupungia upepo. Mambo ya barua pepe namshikia mimi. Kaskazi ilipoanza kuvuma na wageni wa Ulaya kuanza kuulizia vyumba, akapata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mama mmoja wa Ujerumani: amengoja jibu siku tisa, amechoka, amelipia kwingine.

Ami akaniita barazani. "Mwanangu, kwani hukumjibu?"

"Nilimjibu siku ile ile, ami." Nikamwonyesha barua kwenye simu. Tukamwomba yule mama atazame folda ya spamu. Ikawa imo, imekaa na matangazo ya bahati nasibu na vidonge vya kupunguza mwili.

Nilianza kwa kulaumu picha nilizoweka ndani ya barua. Nikazipunguza, nikaondoa neno "ofa", nikaondoa alama za mshangao. Wiki nzima ikapotea bure. Siku ya nane nikajitumia barua mwenyewe kwenye Gmail, nikafungua maandishi yake kamili, yale ya juu ambayo hakuna anayeyasoma. Humo nikakuta maneno mawili yameunganishwa: spf=permerror, yaani SPF ina kosa.

SPF ni orodha, au rekodi, unayoiweka kwenye domeini yako, yaani jina lako la mtandaoni, kusema ni seva zipi zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lako. Orodha inatakiwa iwe moja tu. Sisi tulikuwa nazo mbili: moja aliiacha fundi aliyetutengenezea tovuti, ya pili niliibandika mimi tulipohamia huduma nyingine ya barua. Seva inayopokea ikikuta mbili haichagui iliyo nzuri. Inahesabu kosa na kuendelea na safari yake. Kwa hiyo ile rekodi yangu niliyoiona ni kazi safi ndiyo iliyoharibu mambo.

Nikaziunganisha kuwa mstari mmoja unaoanza na v=spf1 na kuishia na ~all. Nikajaribu tena. Kosa lile lile! Nikadhani nimekosea herufi, nikafuta na kuandika upya mara tatu, hadi adhana ya alasiri ikanikuta bado nimeinamia kompyuta.

Kumbe rekodi ilikuwa sawa. Kosa langu lilikuwa kutojua habari za majina zinavyosambaa. Zamani kompyuta zote za mtandao zilitegemea faili moja la majina lililotunzwa Marekani, mpaka mwaka 1983 Paul Mockapetris alipobuni DNS, mfumo wa kutafuta majina, ambamo na rekodi yetu ya SPF imo. Mtu wa Lamu anauelewa haraka. Mgeni akishuka gatini haulizi namba ya nyumba. Anaambiwa nenda Langoni, akifika Langoni anaambiwa uliza msikitini, pale msikitini mtoto anamshika mkono mpaka mlangoni. Domeini yetu ya .co.ke inatafutwa hivyo hivyo: seva za mzizi zinaelekeza kwa wanaojua .ke, hao wanaelekeza mbele, mwisho unafika kwetu. Na aliyekwisha kuelekezwa hukumbuka njia kwa muda uliowekwa. Wetu ulikuwa sekunde 86400, yaani siku nzima. Gmail ilikuwa bado inakumbuka mlango wa zamani. Siku hizi kabla ya kugusa chochote nateremsha muda huo hadi sekunde 300, nangoja siku moja, ndipo nabadilisha.

Kesho yake SPF ikapita. Ikabaki DKIM, ule muhuri unaothibitisha kwamba barua haikuchezewa njiani. Ufunguo wake wa biti 2048 ni mrefu, na kipande kimoja cha maandishi ndani ya rekodi hakizidi herufi 255. Ukurasa wa mwenye kutuuzia domeini ulikuwa unaukata mkia bila kusema neno. Nikaugawa vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu, ukakubali.

La mwisho lilikuwa DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua iliyoshindwa majaribio hayo. Nikaanza na p=none, maana yake msiifanye kitu ila nileteeni ripoti. Ripoti zikaanza kuja kila siku. Kuna seva tusizozijua zilikuwa zikituma barua kwa jina la nyumba yetu. Nilipomweleza ami, aliweka kikombe cha kahawa chini.

"Kwani mtu yeyote anaweza kuandika jina langu nyuma ya bahasha?"

Anaweza. Utaratibu wa kutuma barua pepe uliandikwa mwaka 1982, watumiaji walikuwa wachache wanaojuana, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza mjumbe katumwa na nani. Gmail na Yahoo walianza kukaza kamba kwa watumaji wakubwa Februari 2024 tu.

Nikapandisha hadi p=reject, yaani ikataeni kabisa, kwa hasira, nikijiona nimefunga mlango na komeo. Siku mbili baadaye ami akauliza mbona mgeni wa chumba cha tatu hajapata ankara. Programu ya ankara inatuma kwa jina letu kupitia seva yake yenyewe, nami sikuiweka kwenye orodha wala kuipa muhuri. Nikarudi p=quarantine, yaani iwekeni kwenye spamu, na ile programu nikaiongeza. Ankara sasa zinafika, na ripoti nazisoma kila Ijumaa asubuhi kabla ya kuoga.