Ramani ya matawi ya askari wastaafu: mambo yanayoiharibu huku Nyanda za Juu Kusini

Ukikabidhiwa orodha ya matawi ya chama cha askari wastaafu ili uyaweke kwenye ramani, usikimbilie ramani. Anza na safu ya mkoa. Mipaka ya huku kwetu imebadilika mara mbili ndani ya miaka michache: Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Tawi la Ludewa au Makete kwenye daftari la zamani litasomeka "Iringa". Tawi la Mkwajuni litasomeka "Chunya, Mbeya", wakati leo Mkwajuni ndiyo makao ya wilaya ya Songwe, mkoa wa Songwe. Ukihesabu bila kusahihisha, Mbeya na Iringa zitavimba, na Songwe na Njombe zitaonekana kama hazina mstaafu hata mmoja. Kwa hiyo weka safu mbili: mkoa ulivyoandikwa kwenye daftari, na mkoa wa sasa. Ile ya kwanza usiifute kamwe, kwa sababu ndiyo itakayokurudisha kwenye karatasi ya asili pakitokea ubishi.

Songwe yenyewe ni mtego. Kuna mkoa wa Songwe, ambao makao yake ni Vwawa, wilayani Mbozi. Kuna wilaya ya Songwe. Kuna mto Songwe unaotugawa na Malawi. Halafu kuna uwanja wa ndege wa Songwe, ambao uko mkoa wa Mbeya! Programu ya ramani ikipewa neno "Songwe" peke yake itachagua yoyote kati ya hizo. Hali ni hiyo hiyo kwa muhuri ulioandikwa "TAWI LA MBEYA": ni jiji, ni wilaya ya Mbeya, au ni mkoa mzima? Muhuri haujibu. Lazima aulizwe katibu, na swali liwe moja tu: mnakutana kata gani?

Kata ndiyo funguo ya kazi yote. Anwani ya S.L.P. haisaidii kitu, maana sanduku liko posta ya mjini hata kama wanachama wote wako Rujewa au Isangati. Ukiziamini S.L.P., matawi yote ya mkoa yatarundikana nukta moja katikati ya mji. Tumia postikodi ya tarakimu 5: ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho ni kata. Postikodi ya Mbeya huanza na 53, ya Iringa 51. Tawi lililoandikwa Mbeya huku postikodi yake inaanza na 51 lina kosa upande mmoja, na utaliona hata kabla hujafungua ramani.

Matawi mengi hayana ofisi. Wanakutana ofisi ya kijiji, au chini ya mti, au nyumbani kwa katibu. Hapo nukta iwekwe kwenye ofisi ya kata, na pembeni uandike "kata" kuonyesha kwamba si mahali halisi. Nyumba ya katibu usiiweke, wala namba yake ya simu. Mzee anayejulikana kuwa anapokea pensheni hahitaji ramani ya kuelekeza watu mlangoni kwake.

Sasa namba za latitudo na longitudo. Jiji la Mbeya liko nyuzi 8 na dakika 54 kusini. Wengi huandika 8.54. Dakika ni sehemu ya 60, kwa hiyo 54 ugawe kwa 60, upate 8.90. Kosa hilo linaisogeza nukta kama kilomita 40 kaskazini, na balaa ni kwamba inatua karibu kabisa na mji wa Chunya, ambako tawi linaweza kuwepo kweli. Hakuna atakayeshtuka. Makosa makubwa ni afadhali, kwa sababu yanajitangaza: ukisahau alama ya kutoa mbele ya 8.90, Mbeya inahamia Sudan Kusini. Ukipishanisha latitudo na longitudo, -8.90 na 33.45, inaangukia Atlantiki mbele ya pwani ya Moroko. Ukiona nukta baharini, ni hilo.

Jambo jingine ni namba ya tawi. Wamarekani wametuachia somo zuri hapa. American Legion, chama chao cha askari wastaafu kilichoanzishwa 1919, inahesabu matawi yake ndani ya kila jimbo, kwa hiyo Tawi Na. 1 lipo jimbo hili na lipo jimbo lile. Chama kingine chao, VFW (Veterans of Foreign Wars, cha waliopigana vita vya nje), kinatoa namba moja kwa nchi nzima bila kurudia. Ukichanganya vyama hivyo kwenye jedwali moja na kutambua tawi kwa namba tu, programu itayameza mengine ikidhani ni marudio. Kitambulisho kiwe cha vipande vitatu: chama, eneo, namba. Na sisi tunacho kisa hicho hicho, kwa kuwa vyama vyetu viwili vya askari wastaafu, Tanzania Legion na MUWAWATA (Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania), vinaweza kuwa na tawi mji mmoja, na mzee mmoja akawa na kadi zote mbili. Matawi yahesabiwe mbali mbali, wanachama usiwajumlishe.

Kisha idadi ya matawi uigawe kwa idadi ya watu. Sensa ya 2022 inaipa Mbeya watu kama milioni 2.34 na Njombe kama laki 8.9. Tuseme kila mkoa una matawi 4, kwa mfano tu. Mbeya ni tawi 0.17 kwa kila watu laki moja, Njombe ni 0.45. Ukipaka rangi wilaya nzima, Chunya pana yenye watu waliotawanyika italijaza jicho, na Rungwe iliyosongamana itapotea. Mimi naona nukta zinasema kweli kuliko rangi.

Hata hivyo nukta nayo ina kiasi chake. Tanganyika ilitoa askari takriban 87,000 katika Vita Kuu ya Pili, wengine wakafika Burma, na walipotoka Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) wengi walirudi vijijini kwao. Tawi la zamani linaonyesha watu walikorudi wakati ule. Halionyeshi wastaafu wa JWTZ wanakojenga leo. Kwa hiyo kila tawi lipewe hali: hai, limelala, limefungwa, pamoja na mwaka wa kikao cha mwisho. Lililofungwa libaki na rangi ya kijivu. Wazee wa Keya karibu wote wamekwisha kwa uzee, na kufuta nukta yao ni kuwafuta mara ya pili.

Usichore duara la kilomita 50 kuzunguka tawi ukasema wote waliomo wanahudumiwa. Matema ya Kyela na Makete kwa rula hawafikishi hata 50. Lakini Matema iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Makete iko juu ya mita 2,000, safu ya Livingstone ikiwa imesimama katikati kama ukuta. Mzee wa miaka 75 hapandi hapo kwenda kikaoni. Pima kwa saa za gari na nauli, na uulize mara mbili: kiangazi na masika.

Ukichapa mikoa yote minne kwenye karatasi ya A3, kipimo cha 1:1,000,000 hakitoshi. Tumia 1:1,500,000, sentimita 1 iwe kilomita 15. Acha majina ya kata yasomeke bila miwani kadiri inavyowezekana. Chapa nakala kadhaa, uende nazo Siku ya Mashujaa, Julai 25, wazee wanapokutana, na kila nakala iwe na penseli. Watakata, watahamisha, watakuonyesha tawi ambalo daftari lako halijawahi kulisikia. Karatasi zile zilizochorwa-chorwa zihifadhi pamoja na jedwali, na tarehe juu yake.