Siku mwenye nyumba aliponisikia nikijiita tajiri

Nimeshona kwa miaka kumi na tisa hapa Tanga, na sikuwahi kudhani kwamba iko siku nitauogopa mkasi wangu mwenyewe. Yalinifika mwaka juzi, nilipoharibu lesi ya bibi harusi. Kitambaa kilikuwa cha kuagiziwa, na kwa kuwa hakikutosha kukunjwa nilikikata kikiwa kimetandazwa wazi. Nikasahau kuigeuza karatasi ya kipimo, nikainuka na vipande viwili vya mbele, vyote vya upande wa kushoto. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Nilikilipa kitambaa, laki mbili na ushei, na mama wa bibi harusi akanipa maneno ambayo sitayaandika. Hasara ya fedha ilipita, lakini mkono haukurudi. Kila nilipoweka mkasi juu ya mstari wa chaki vidole vililegea, na sauti ndani ya kichwa ikaniambia, "Unaharibu tena." Nikaanza kuwarudisha wateja wa lesi na satini, nikabaki na kupunguza suruali na kubadili zipu, na kodi ya chumba ikalala miezi miwili.

Rafiki yangu, kwa nia njema kabisa, alinipeleka kwenye semina ya mafanikio. Kiingilio kilikuwa elfu hamsini hivi, pamoja na chai na maandazi mawili. Mhamasishaji alitufundisha kwamba maneno huumba, kwa hiyo kila alfajiri tusimame mbele ya kioo, tuweke mkono kifuani na kutamka kwa sauti kuu: "Mimi ni tajiri! Mimi ni namba moja! Fedha inanitafuta!" Mtu aliyeuliza itakuwaje kama haamini anachokisema aliambiwa kwamba basi hajapaza sauti vya kutosha.

Mimi ni mwanafunzi mtiifu. Nikapaza. Nilichosahau ni kwamba ninakaa nyumba ya kupanga ya mtindo wa zamani, ambayo kuta za vyumba haziendi hadi juu, na mwenye nyumba hulala upande wa pili wa ukuta. Siku ya nne, kabla sijamaliza kufagia, alibisha hodi, khanga ameifunga vizuri kama mtu aendaye kwenye kikao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaketi juu ya kigoda changu cha kushonea bila kukaribishwa. "Nimekuwa nikikusikia siku ya nne hii. Sikutaka kukuharakisha, nikasema mwache azihesabu kwanza. Sasa kama zimeshahesabika, mimi nina fundi wa bati ananisubiri."

Nilijaribu kumweleza kwamba ile ni namna ya mazoezi, kwamba mtu hujiita tajiri ili nafsi izoee. Alinisikiliza kwa heshima zote, akainuka, akajifuta khanga. "Vyema. Na mimi basi naanza mazoezi ya kupokea kodi."

Nyumba nzima ilicheka wiki ile, na nisingejali kama maneno yenyewe yangenisaidia. Hayakunisaidia. Kila niliposema "mimi ni namba moja", moyo ulinijibu papo hapo kwa kunionyesha ile lesi, vipande viwili vya kushoto vikiwa juu ya meza. Nilikuwa ninaamka nikiwa na hofu moja, ninamaliza kujinenea mema nikiwa na hofu mbili.

Aliyenitoa huko ni mpwa wangu anayesoma saikolojia chuo kikuu, ambaye hakucheka (alicheka baadaye). Aliniambia kwamba yaliyonipata yanajulikana: mwaka 2009 utafiti ulioongozwa na Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ulionyesha kwamba watu wanaojidharau walipojirudiarudia kauli kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakuirudia, ilhali wanaojiamini iliwafaa kidogo. Dawa hiyo, kwa hiyo, humfaa asiyeumwa. Elfu hamsini zangu zilinirudi kooni.

Nikaamua kujisemea yale tu ambayo moyo hauwezi kuyapinga. Nilitoa madaftari yangu ya vipimo vya wateja, matatu makubwa, nikakaa usiku mbili mfululizo nikihesabu nguo nilizokata mwenyewe, bila kutia mapazia wala foronya. Nilipofika elfu moja mia moja na arobaini na kitu usingizi ulinishinda, na daftari la tatu lilikuwa bado halijafika katikati. Kisha nikahesabu nilizoharibu, ambazo sikuhitaji daftari kuzikumbuka: sita. Hapo nikapata kauli yangu: "Fundi, umekata nguo zaidi ya elfu moja, na zilizoharibika ni sita." Jaribu kubishana na hesabu hiyo. Moyo wangu ulijaribu, ukanyamaza.

Neno "fundi" sikulichagua kwa majivuno. Mpwa wangu alinieleza kwamba mwaka 2014 Ethan Kross na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa anayejisemesha kwa jina lake au kwa "wewe" hutulia zaidi mbele ya jambo la kutia hofu, kama kuhutubia, kuliko anayejisemesha kwa "mimi". Nami nikajiita kama wanavyoniita wateja. Ni kama kuna mwenzangu mzoefu amesimama nyuma ya bega langu.

Aliniambia pia habari za Émile Coué, mfamasia wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1926, ambaye aliwafundisha watu kujiambia asubuhi na usiku, mara ishirini, kwamba kila siku hali zao zinazidi kuwa njema, wakihesabu kwa uzi wenye mafundo ishirini. Aliwataka wanong'one tu, bila kujikaza. Laiti mhamasishaji wetu angelijua hilo, ningeokoa heshima yangu mtaani. Habari ya uzi ilinikosha kwa sababu uzi ndio mali niliyo nayo. Nilifunga mafundo ishirini kwenye uzi wa kudarizi, na siku ya kwanza nilipofika fundo la kumi na tatu uji ukafurika jikoni. Sasa yako saba, yanatosha.

Jambo jingine lilikuwa kuandika. Claude Steele, Mmarekani, alieleza mwaka 1988 kwamba aliyejeruhiwa upande mmoja wa maisha anaweza kusimama tena kwa kukumbuka thamani anayoishikilia upande mwingine. Niliandika ukurasa mmoja juu ya ahadi. Mnazijua ahadi za mafundi. Mimi sijamwambia mteja "njoo kesho" huku kitambaa chake hakijaguswa, na siku ya lesi ile nilikwenda kwa miguu yangu kusema nimeharibu. Nilipousoma tena ukurasa huo niliona kwamba nilikuwa nimeisahau sehemu hiyo ya kisa. Ila asiyekula wala kulala kwa majuma aende hospitali, asihangaike na uzi.

Ilichukua kama miezi miwili. Nilianza na vitenge, nikaja kwenye hariri nyepesi, na kauli ikapata mkia wenye manufaa: "Umepima mara mbili. Karatasi umeigeuza?" Mara mbili nilikuwa sijaigeuza.

Kodi niliimaliza kabla ya Ramadhani. Siku chache baada ya Idi mwenye nyumba aliniletea satini ya harusi ya mjukuu wake, mita nne, rangi ya dhahabu, akaketi tena juu ya kigoda changu na kusema kwamba haondoki mpaka aone ikikatwa. Nilitandaza, nikachora, nikashika uzi wangu na kunong'ona.

"Leo husemi wewe ni tajiri?" akauliza.

"Leo nahesabu, mama."

Nikageuza karatasi, nikakata.