Siku moja maishani mwangu: kijana wa wino

Saa 12:40 asubuhi niko kwenye daladala, nimesimama. Saa 1:30 nimeshafungua chumba cha seva, kiyoyozi kinavuma. Saa 2 hadi saa 4 ni nenosiri zilizosahaulika, printa mbili, chai na chapati. Hapa chuoni wengi wananijua kama kijana wa wino.

Saa 4:10 simu. "Kijana, mtandao wenu unachagua watu. Njoo."

Maabara ina kompyuta 12 zinazotumia mfumo wa Linux. Sita za zamani zinakwenda vizuri. Sita mpya, za aina moja, nilizoziwekea jana Ubuntu Server, aina mojawapo ya Linux, zinashika na kuachia kama redio yenye betri zinazokata roho. Nikamwamkia mwalimu, "marahaba" ikatoka huku akitazama saa yake. Wanafunzi wote wakanikodolea macho.

Kompyuta ikiwaka haina anwani, ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Inapiga ukelele mtandao mzima: nani anagawa anwani hapa? Seva ya DHCP, yaani mgawa anwani, inajibu: chukua hii. Mashine: haya, naiomba hiyo. Seva: ni yako, kwa saa 8. Ni kuazima, si kupewa. Nusu ya muda ikipita, mashine hurudi kuomba iongezewe. Yote hayo huisha kabla hujamaliza kupiga chafya, ndiyo maana hakuna anayejua kama yapo.

Nikachapa `ip a`, amri ya kuonyesha anwani, kwenye mashine ya kwanza: 10.10.4.41. Anwani safi. Basi tatizo ni waya. Nikabadilisha waya. Nikahamisha tundu kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya zote za mtandao. Nikalala chini ya meza, vumbi puani, mwalimu juu yangu akiwaeleza wanafunzi kwamba zamani kazi zilifanywa na watu waliosomea. Nikanyamaza. Nikabadilisha waya mwingine.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipochomoa zote sita kwa hasira. Nikarudisha moja: ikakimbia kama swala. Nikarudisha ya pili: ya kwanza ikaanza kukwama. Hapo ndipo nikatazama skrini mbili kwa pamoja. 41. Na 41. Mashine mbili, anwani moja.

Nikaingia kwenye kumbukumbu za seva. Anwani ile ile imegawiwa kwa kadi sita tofauti za mtandao, moja kwa kila mashine, na seva haikukosea kitu. Ubuntu ya siku hizi, upande wa seva, inapoomba anwani haijitambulishi kwa namba ya kadi yake ya mtandao. Inatumia kitambulisho kinachotokana na faili la `/etc/machine-id`. Na mimi jana, kwa kutaka kuwahi nyumbani, nilisakinisha diski moja tu, nyingine tano nikazinakili kutoka kwake. Seva ilimwona mteja mmoja anayebadilisha shati mara sita.

Dawa ni kufuta faili lile, kuchapa amri ya `systemd-machine-id-setup` ili litengenezwe jipya, kisha kuwasha upya. Nikaziacha mashine tano zikitengeneza vitambulisho vyao, mwanafunzi mmoja akinisomea namba kwa sauti: 52, 53, 54… Kipindi kilikuwa kimeshaisha. Njaa nayo ilikuwa imeshapita.

Mwalimu akaniuliza kulikuwa na nini. "Vitambulisho viligongana, Mwalimu."

Akaguna, akasema ataandika barua kulalamikia swichi chakavu. Sikumkataza. Swichi mpya tunaihitaji.