Joto nalo lina sura zake

Baada ya miaka kumi na moja ya kukwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla hata hakujapambazuka, nilisema basi, nahama. Kumbe kusema ni rahisi. Kasheshe ni kuchagua wapi.

Mwanzoni niliangalia wastani wa joto tu. Nilikosea, wastani unaficha mengi. Phoenix kule Arizona majira ya baridi ni raha tupu, lakini mwaka 2023 walipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi joto 43 na zaidi. Nikaenda Singapore wiki mbili. Simu inaniambia nyuzi 31, mbona kawaida! Ila saa tatu asubuhi shati limeshanigandia mgongoni, na miwani inaingia ukungu kila nikitoka kwenye kiyoyozi. Mwili hupoa jasho likikauka, na hewa iliyoshiba unyevu hailikaushi.

Kilichonifumbua macho ni mwinuko. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana Medellín, Kolombia, haiko mbali na ikweta lakini hali yake ni ya wastani mwaka mzima: iko mita 1,500 hivi juu ya bahari.

Bado sijaamua. Agosti naenda Málaga, kusini mwa Hispania, makusudi kabisa kwenye joto lake kali, wenzangu wananicheka. Koleo la theluji nimeshampa jirani.