Mvua Inayonyesha Kwingine

Huku Utah, jimbo la magharibi mwa Marekani, ukishuka kusini mvua ya kuogopa si ile inayokulowesha. Ni ile inayonyesha kilomita ishirini au thelathini kutoka ulipo, wakati wewe umesimama juani unapiga picha. Wageni wanaonitembelea Salt Lake City hawaamini nikiwaambia jangwa lina masika yake. Linayo. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba, unyevu hupanda kutoka Meksiko na Ghuba ya California. Asubuhi anga ni buluu tupu, ikifika saa nane mchana mawingu yameshonana na radi zinapiga, na saa kumi na moja jua limerudi utadhani hakuna lililotokea.

Mwezi wa nane nilishuka hifadhi ya taifa ya Capitol Reef na mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kutoka Salt Lake ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari. Nia yetu ilikuwa kupita Grand Wash, korongo lenye kuta zinazosogeleana mpaka unabaki na ujia wa mita chache tu, majabali yamekukalia kulia na kushoto. Pale ofisini kwa hifadhi, askari wa zamu, mama wa makamo, alituuliza tunaelekea wapi. Tulipomtajia Grand Wash, akatuonyesha kidole dirishani: wingu moja jeusi, mbali, upande wa magharibi.

"Kaka, mvua iko kule, sisi tuko hapa," mwenzangu akaninong'oneza kwa Kiswahili.

Yeye amekulia kwenye mvua ya kila leo, hana habari nayo. Mimi ni Mkenya, na Mkenya hahitaji kuambiwa mara mbili habari ya makorongo. Hell's Gate pale Naivasha, Aprili 2012, vijana wa kanisa waliokuwa matembezini walisombwa na maji, saba wakafa. Septemba 2019 wakafa wengine saba palepale, mwongoza watalii akiwa miongoni mwao. Huku nako hadithi ni ileile. Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa Antelope Canyon, Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali, juu ya bonde. Septemba 2015 watu saba wakaangamia katika Keyhole Canyon, ndani ya hifadhi ya Zion. Nchi hii ni mwamba mtupu: hakuna nyasi wala udongo wa kutosha kunywa maji, kwa hiyo karibu kila tone linateremka, na yote yanatafuta upenyo uleule mwembamba ambao wewe umeuona mzuri kwa picha.

Basi tukabadili njia. Tulipanda Hickman Bridge, daraja la mwamba lililochongwa na maji, upana wake kama mita 40. Njia yenyewe inapanda kutoka kando ya mto Fremont hadi juu, na ukitaka kurudi unarudi, hujafungiwa kati ya kuta mbili. Njiani kuna mawe meusi ya volkano yametapakaa juu ya wekundu wote ule, kama vile mtu ameyamwaga kwa lori.

Mvua ilitukuta huko, na hapo ndipo nasema wanaokuja msimu wa ukavu pekee hawajaiona nchi hii. Mwamba ukilowa, wekundu unakolea hadi rangi ya damu ya mzee; ni kutu ya chuma iliyomo ndani ya mchanga. Kwenye majabali ambayo dakika chache zilizopita yalikuwa makavu, michirizi ya maji ilianza kuporomoka, mmoja, kisha kumi, kisha ukaacha kuhesabu. Harufu ya mireteni na vichaka vilivyolowa ilipanda hadi ikawa inaonjeka mdomoni.

Palipo na bapa la mwamba kuna vishimo vilivyojaa maji ya mvua za siku zilizotangulia. Mwenzangu alichutama penye kimoja, akaita, "Njoo uone, kuna uduvi!" Kweli, vijidudu vyenye miguu chungu nzima vilikuwa vikizungukazunguka kwenye maji yasiyofika kifundo cha mguu. Mayai yao hukaa makavu miaka, kisha mvua ikijaza kishimo, yanaanguliwa, wanakua na kutaga kabla jua halijakausha yote. Usinawe humo, na usitie hata kidole chenye mafuta ya jua. Vilevile usikanyage lile gamba jeusi la udongo lililovimba kando ya njia. Lina uhai, ndilo linaloshika mchanga usipeperuke, na nyayo zako zinaweza kubaki hapo miongo kadhaa.

Kuhusu mavazi sina mengi: acha jinzi nyumbani, zikilowa ni mzigo na baridi. Radi ikianza kukaribia, shuka kutoka kwenye vilele. Wakwea miamba wao huacha kabisa kukwea baada ya mvua, maana jiwe hili la mchanga likilowa hulegea na kumeguka mkononi. Na barabara ya vumbi ya Cathedral Valley usiiguse siku hiyo; ule mfinyanzi wake ukilowa ni kama matope ya Kitengela, kule nje ya Nairobi, mwezi wa nne, hata gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne linakwama.

Tuliporudi barabara kuu, jua lilikuwa linawaka. Penye mdomo wa Grand Wash magari yalikuwa yamesimama na watu wametoka nje. Tulisikia mngurumo kabla ya kuona chochote. Maji mazito mekundu yalikuwa yakitoka korongoni na magogo ya mireteni, mawe yakigongana chini yake, yakienda kujitupa Fremont. Pale hapakuwa na unyevu hata wa kulowesha kioo cha gari.

Mwenzangu alitazama kitambo, mikono kiunoni. Kisha akasema, "Yule mama wa ofisini, tumnunulie pai."

Pai huuzwa Fruita, kijiji cha zamani ndani ya hifadhi, katika nyumba ya kale ya Gifford, katikati ya bustani za matunda walizopanda walowezi Wamormoni. Tulikuta pamefungwa.