Vibao chini ya mto

Jumamosi, saa nne usiku.

Bado niko na Charlemagne, yule mfalme wa Wafranki wa Ulaya ya kale. Nilidhani nikishamaliza habari za vita vyake na Wasaksoni nitamweka kando, lakini kuna jambo moja dogo aliloliandika Einhard, mtu wa ikulu yake, limenigandia. Anasema mfalme alikuwa akiweka vibao na vijitabu chini ya mto wake kitandani, ili akipata nafasi auzoeze mkono kuandika herufi. Hakufika mbali. Alianza umri umeshakwenda.

Kilatini alikisema kama lugha ya kwao, sarufi alifundishwa na Petro wa Pisa, Krismasi ya mwaka 800 akavikwa taji la kaizari kule Roma. Halafu usiku anahangaika na herufi! Nimemkumbuka bibi yangu, aliyekuwa akificha daftari lake la kisomo chini ya godoro tusije tukamcheka. Tulimcheka.

Yaliyomshinda mkononi aliwaagiza wengine. Mwaka 789 aliamuru shule ziwepo kwenye monasteri na kwa maaskofu, wavulana wafundishwe zaburi, uimbaji, hesabu na sarufi, na vitabu vya dini visahihishwe. Sababu yake naipenda: watu wanataka kumwomba Mungu vizuri, lakini wanaomba vibaya kwa kuwa vitabu vimejaa makosa.

Leo nimeshinda nikitazama picha za kitabu cha Injili alichokiandika Godescalc kati ya 781 na 783, kwa agizo la mfalme na mkewe Hildegard. Ngozi imetiwa rangi ya zambarau, wino ni wa dhahabu na fedha. Fahari tupu. Ila mimi nimenasa mwishoni, kwenye shairi la kumsifu mfalme. Injili yenyewe iko kwa herufi kubwa za kizamani. Shairi liko kwa herufi ndogo mpya, za mviringo, zinazosomeka bila kukunja uso.

Sifa za herufi hizo hupewa Alcuin, mwalimu aliyetoka York. Simnyimi haki yake, lakini watawa wa Corbie, monasteri ya kaskazini mwa Ufaransa, walikuwa wameshaanza kuandika hivyo. Yeye alikabidhiwa monasteri ya Tours mwaka 796, na baada yake zikatoka huko Biblia nene, kila moja ikila ngozi zipatazo 200. Zizi zima, kitabu kimoja!

Karne ya 15 wasomi wa Italia walizikuta herufi hizo kwenye miswada, wakadhani ni za Warumi wa kale, wakaziiga. Wachapaji wakazichukua kwao. Kiswahili nacho, kilichozoea herufi za Kiarabu, kikaja kuzivaa katika karne ya 19.

Daftari la bibi ninalo hapa mezani. Jina lake limejaza ukurasa mzima, mstari kwa mstari, na kwenye ile a ya mwisho alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.