Udi wa Ami Ndani ya Commodore 64

Katika sanduku la mbao lililokaa darini mwetu hapa Langoni, Lamu, kwa zaidi ya miaka 20, marehemu ami yangu aliacha vitu viwili ambavyo sikuwahi kudhani vingekutana: kompyuta ya Commodore 64 aliyorudi nayo kutoka Uingereza siku zake za ubaharia, na kaseti moja ambayo ndani yake anapiga udi katika harusi ya jirani. Kaseti niliihamishia kwenye simu zamani, ikawa faili la MP3. Mwaka huu nilitaka kujua kama kompyuta yake mwenyewe inaweza kulipiga.

Kwanza ilibidi mashine iwashwe kwa usalama. Hewa ya chumvi haina huruma na pini, nami nilitumia jioni nzima kusugua uchafu wa kijani kwa spiriti na mswaki mkuukuu. Kilichonitia hofu zaidi ni transfoma ya asili, kwani inajulikana kwamba ikizeeka huweza kutoa volti nyingi kuliko 5 zinazotakiwa, ikaunguza chipu za kumbukumbu kabla mwenyewe hajanusa lolote. Niliipima, sikuridhika nayo, nikamwomba fundi wa redio aniundie nyingine.

Faili la MP3 lenyewe halipigiki humo hata kidogo. Kulifungua kunahitaji mahesabu mengi ya kuzidisha kwa kila sekunde ya muziki, ilhali prosesa ya 6510 inakwenda kwa mapigo yasiyofika milioni 1 kwa sekunde na haina hata amri ya kuzidisha; ikitakiwa kuzidisha, hujumlisha hatua kwa hatua kama mtoto wa chuoni anayehesabu kwa vidole. Kwa hiyo kazi hiyo niliifanya kwenye laptopu, nikabaki na sampuli tupu, yaani namba zinazoeleza kimo cha wimbi la sauti mara 8,000 kwa kila sekunde.

Hapo ndipo hila inapoanza. Chipu ya sauti iitwayo SID, iliyobuniwa na Bob Yannes kwa ajili ya kompyuta hii iliyotoka mwaka 1982, inaweza kutunga sauti tatu kwa wakati mmoja, lakini haikuwekewa njia ya kupiga sauti iliyorekodiwa. Watunzi wa programu wa zama hizo waligundua kasoro iliyogeuka kuwa neema: kila mara rejista ya kiwango cha sauti (kijisanduku ndani ya chipu kinachotunza namba ya ukubwa wa sauti) inapobadilishwa, chipu hutoa kishindo kidogo, na vishindo hivyo vikifuatana upesi kwa kufuata namba za sampuli, sikio huvisikia kama wimbi moja. Rejista hiyo ina ngazi 16 tu, ambapo CD ina 65,536. Bahati yangu ni kwamba mashine ya ami ina chipu ya mwanzo, 6581. Katika 8580 iliyokuja baadaye kasoro hiyo ilipungua sana, na sampuli za namna hii husikika kwa mbali mno.

Kwa ngazi 16, sampuli mbili huingia katika baiti moja, kipimo cha kumbukumbu ya kompyuta, hivyo sekunde moja hula baiti 4,000. Kompyuta ikiwashwa hutangaza kwamba ina baiti 38,911 zilizo wazi kwa BASIC, lugha yake ya kuandikia programu (wajuzi hupata zaidi, mimi si mmoja wao), na baada ya kuitengea programu yangu nafasi, zikabaki sekunde 9. Harusi nzima, sekunde 9! Nilichagua pale udi unapolia peke yake kabla mwimbaji hajaingia, kwa kuwa mdonoo wa nyuzi hustahimili uhaba wa ngazi kuliko sauti ya mtu. Jaribio la kwanza liliharibika, kwani sehemu za chini zilianguka ndani ya ngazi moja au mbili zikapotea kabisa, ikanibidi nizipandishe kwanza kwenye laptopu ndipo nipunguze ngazi.

Sina kisoma diski, nina kinasa kaseti cha Commodore pekee. Nilizirekodi namba hizo kwenye kaseti tupu, kisha nikageuza skrubu ya kichwa cha kusomea kwa bisibisi ndogo, nywele kwa nywele, mpaka mashine ikakubali. Husoma baiti zipatazo 50 kwa sekunde, kwa hiyo muziki wa sekunde 9 hupakiwa kwa dakika 12. Najua jambo hili linachekesha: muziki ambao redio kaseti yoyote ingeupiga papo hapo ulipita kwenye simu na laptopu, ukarudi kwenye kaseti ukiwa mlio wa kukwaruza usio na maana kwa mwanadamu.

Mke wa ami alikaa nami mpaka mwisho. Programu huzima picha kwenye runinga, kwa sababu chipu ya picha huipokonya prosesa zamu zake na kuivuruga sauti, naye akadhani umeme umekatika. Kisha udi ukalia, mkavu, umezungukwa na mchakacho kama wa mchanga ndani ya debe.

"Ndiye yeye," akasema, "ila ana mafua."

Akaniomba nipige na pale mwimbaji anapoimba. Nikamwambia, "Mama, hapo ni dakika 12 nyingine," akaenda kuteleka chai.